Mti Nyuma ya Nyumba ya Timazi

Ndugu yangu aliyenifuata kwa mama alikuwa fundi mwashi, na mtaa mzima ulimwita Timazi. Timazi ni kile kipande cha chuma chenye ncha ambacho mafundi hukifunga kwenye uzi na kukining'iniza kando ya ukuta, waone kama umesimama au umeinama. Mafundi wengine huacha chao kwenye mfuko wa vifaa. Yeye alitembea nacho mfukoni mwa suruali kama wengine wanavyotembea na funguo, na suruali zake zote zilitoboka mfuko wa kulia. Wifi yangu alishona mpaka akachoka, akasema basi aende na tundu lake.

Simsifu kwa kuwa ni damu yangu. Kwa miaka thelathini na sita ya ufundi wake sikusikia mtu hata mmoja akisema ukuta wa Timazi umepasuka. Alikuwa hawezi kupita njiani bila kusimama, kufumba jicho moja na kuikagua nyumba ya mtu. "Huu umelewa," atasema, kisha anaendelea na safari yake. Siku tulipokwenda kumposea, wazee wa pande zote mbili wamekaa, maneno mazuri yamekwisha kusemwa, binti anangojewa aitwe, yeye akainuka akasema fremu ya mlango ule imekaa chini upande mmoja. Baba mkwe akasema huyu apewe mke upesi kabla hajatubomolea nyumba.

Shule aliiacha darasa la tatu kwa sababu ya kifua. Mimi nilifika la saba na nikafaulu, ingawa kufaulu huko hakukunipeleka popote. Kuandika nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, na mama akitokea tunafuta kwa nyayo. Herufi zake zilibaki zile zile mpaka uzeeni, kubwa, zimesimama wima kama watoto waliopangwa mstari. Ningeziona gizani ningezijua.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga kidogo kidogo, maana kinyozi hajinyoi. Vyumba viwili, sebule, na jiko la mabati nje. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti. Aliponunua kiwanja aliukuta umeshakuwa mkubwa, na baadaye ukawa mkubwa zaidi, hata watu wazima wawili wakiukumbatia hawakuweza kushikana mikono. Kivuli chake kilivuka ua na kuangukia kwa jirani, mtu aliyeendesha malori ya safari ndefu mpaka macho yalipomwambia basi. Tulimwita Dereva. Alikuwa na kigari chake kikuukuu alichokiegesha pale kivulini, na yeye na ndugu yangu walikuwa watu wa kutaniana. Ndugu yangu alimwambia gari lake limepinda kuliko ukuta wa mlevi. Dereva akamjibu kwamba yeye hata akilala mkewe humwekea pima maji kifuani, aone kama amelala sawa.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mama yetu alipoishiwa nguvu za miguu.

Mama alikuwa akiishi peke yake, mbali na sisi, na mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja kisichotosha hata kitanda cha pili. Nikamwambia ndugu yangu amjengee mama chumba pale nyuma, kati ya nyumba na mti. Akasema nimpe miezi miwili. Mimi nikatazama mbingu, nikaona mvua hazitangoja miezi miwili, nikaenda kumchukua mama wiki tatu kabla ya siku tuliyoagana. Nilimketisha uani juu ya furushi la nguo zake, mbele ya shimo la msingi, ili mwanawe amwone kila anapoinua kichwa. Nilijua ninachofanya. Nikamwambia, "Wewe unayewajengea watu majumba, chumba kimoja cha mama kinakushinda?" Alikuwa shimoni, udongo umemfika magotini. Alinitazama, akacheka kidogo, akamtazama mama, akarudi kuinama.

Chumba kilikwisha kabla ya mvua. Mama alilala humo miaka saba akafia humo, na ukuta haukuwahi kupata hata ufa wa unywele. Nilijivuna kwa chumba kile kama niliyebeba matofali mwenyewe.

Mama hata hajatimiza mwaka kaburini, tawi la ule mti likavunjika mchana kweupe na kuangukia jiko. Wifi yangu alikuwa ametoka kuchota maji. Alirudi akakuta bati limekunjika kama karatasi na sufuria limebanwa chini yake, maharage yametapakaa sakafuni. Wifi ni mtu wa kazi, alifua mashuka hospitalini maisha yake yote, si mtu wa kelele. Jioni ile alimwambia mumewe maneno machache tu, kwamba mti ule uondoke.

Sasa katika mji wetu mti wa ukubwa ule haukatwi kienyeji, hata ukiwa uani mwako. Unaomba kibali katika ofisi ya miti. Afisa anakuja na futi yake ya kamba, anaupima shina usawa wa kifua, anaandika, halafu ofisi inangoja kuona kama kuna mtu mwenye pingamizi. Likiwapo, kibali hakitoki. Na ofisi haikuambii ni nani aliyepinga, mpaka ukate rufaa na mwitwe wote kusikilizwa, eti majirani wasitoane macho.

Ndugu yangu alivaa shati lake jeupe, akaenda na fomu. Akarudi akasema wamekataa, kuna pingamizi. Mwaka uliofuata akaenda tena, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu wifi alimuuliza ni nani huyo anayetaka tuangukiwe. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuwasalimia. Ndugu yangu hakutaja jina. Aliinua kidevu tu kuelekea ua wa jirani, pale gari la Dereva lilipokaa kivulini, akasema, "Watu wana roho zao."

Hayo yalitosha. Tangu siku ile mimi na wifi tulimpa Dereva kisogo. Yeye ni mdogo kwangu, kwa hiyo kila tulipokutana alikuwa akiniamkia. Shikamoo dada. Na mimi napita kama nisiyesikia, shikamoo yake inabaki inaning'inia hewani, na watu wanaiona. Kwa umri wangu najua uzito wa jambo hilo. Shikamoo ya mtu usipoiitikia ni kama umempiga kofi, na mimi nilimpiga makofi hayo miaka kumi. Baada ya muda aliliondoa gari lake pale kivulini akaliegesha barabarani juani. Wezi wakang'oa vioo vya pembeni mara mbili. Wifi akasema Mungu si wa mmoja.

Kuna siku nyingine niliyoiona bila kuielewa. Wifi alikuwa amefua, akamwaga maji ya moto ya sabuni pale kati ya ukuta wa chumba cha mama na shina la mti. Ndugu yangu, mtu ambaye hakuwahi kumwinulia mkewe sauti, alitoka ndani akamnyang'anya ndoo. Alimwambia asimwage kitu pale tena, hata maji ya kunawa. Wifi alikasirika siku mbili. Mimi nilimtetea ndugu yangu, nikasema mwanamume anapenda ukuta wake usichafuke.

Alifariki miaka minne iliyopita, kifua kile kile. Siku ya mazishi Dereva alikuja na koti lake jeusi, akanyoosha mkono kushika jeneza. Nilimwambia, "Jeneza lina watu wa kutosha." Akaurudisha mkono. Alitembea nyuma kabisa, nyuma ya wanawake, mpaka makaburini.

Baada ya msiba nilihamia kwa wifi, tukawa wajane wawili chini ya bati moja. Nikapewa chumba cha mama. Kitanda changu kiliegemea ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mti, na juu ya mto wangu nilipigilia msumari nikaitundika timazi ya marehemu na uzi wake. Asubuhi nikifungua macho naiona imetulia sambamba na ukuta, haijaukaribia wala haijaukimbia. Nikawa naanza siku nimeridhika.

Lakini mti ulikuwa bado umetuinamia. Upepo ukivuma wifi hatulii. Akaenda ofisi ya miti kuuliza, wakamwambia pingamizi la zamani bado liko kwenye faili na nguvu yake haijaisha. Alipokuwa akitoka, karani mmoja akamwambia kwa kumsaidia kwamba mti ukifa wenyewe hauhitaji kibali, ni kutoa taarifa tu.

Shauri la chumvi lilikuwa langu. Naliandika wazi ili asilaumiwe mwingine. Nilimwambia wifi, mti si unakunywa? Basi tuunyweshe. Tukawa tunachemsha maji kwenye sufuria kubwa, tunatia chumvi ya mawe mpaka inakataa kuyeyuka, na kila baada ya siku mbili tatu tunakwenda kumwaga. Tulimwaga pale pale nyuma ya chumba changu, kwa kuwa ni mahali ambapo ukuta unakinga na Dereva hawezi kutuona. Tuliifanya kazi hiyo karibu miaka mitatu. Tulikuwa tukichekana wenyewe, vikongwe wawili tumebeba sufuria kwa matambara. Wifi akawa ananiuliza, "Leo mgonjwa wako amekunywa?" Na mti, kwa ujeuri wake, ukawa unatoa majani mapya kila msimu.

Mwaka jana wifi alipiga moyo konde akakata rufaa. Ikaja barua ya kuitwa kusikilizwa, yeye kama mwombaji na mimi kama mkazi wa nyumba ile. Tulivaa vizuri. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu alfajiri, na hayakuwa matamu.

Tulipofika, Dereva alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ukumbini, kofia ameipakata. Akainuka nusu. Shikamoo dada. Sikuitikia. Nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa makarani, "Leo utatuambia kwa nini unataka mjane wa rafiki yako aangukiwe na mti." Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayeulizwa habari za mji ambao hajafika. Kabla hajafungua mdomo tukaitwa.

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza ndefu na viti visivyofanana. Afisa wa miti ni binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu, mwenye matope kwenye viatu na adabu nyingi. Faili letu lilikuwa mbele yake, jembamba. Alianza kwa kumuuliza Dereva, kama jirani anayepakana na mti, kama ana neno juu ya kukatwa kwake. Dereva akasema hana neno. Akasema hajawahi kuwa na neno, na hata hajawahi kuulizwa.

Nikacheka kicheko cha dharau. Nikamwambia binti afungue hilo faili lake asome, mwongo aonekane.

Binti hakufungua mara moja. Aliweka kiganja juu ya faili, akamwambia wifi kwamba pingamizi hili aliyeliandika aliomba lisijulikane nyumbani kwake, na wao waliheshimu. Ila sasa aliyeandika amefariki, na sheria inasema kwenye rufaa lazima lisomwe. Nilisikia neno "amefariki" na halikuniingia. Nilikuwa namtazama Dereva, yuko hai mbele yangu anakunakuna kofia.

Kisha akafungua. Karatasi ilikuwa ya daftari la shule, imekunjwa mara nne. Niliiona kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza, na kabla hajasoma neno moja niliziona zile herufi. Kubwa, zimesimama wima. Binti akasoma taratibu, na sauti yake naisikia mpaka leo:

"Mimi mwenye nyumba hii naomba mti ulio nyuma usikatwe, hata mke wangu akija kuomba. Chumba cha nyuma nimekijenga juu ya mzizi wa mti huo. Upande ule sikuchimba msingi. Mzizi ulikuwa mnene kama paja na kuukata au kuuvuka kwa zege ilitaka siku nyingi. Mama yangu alikuwa ameshafika na mizigo yake na mvua inakuja. Mti ukikatwa mzizi utaoza na ukuta utakaa chini. Naomba jambo hili lisisemwe nyumbani kwangu. Mimi ni fundi."

Nje kuna mtu alikuwa akipiga mhuri kwenye karatasi, pa, pa, pa, na kila pigo lilinigonga kifuani. Nilitaka kusema si mwandiko wake. Ningesemaje, nami ndiye niliyemshika mkono akajifunza kuuandika? Niliona lile shimo. Nilimwona ameinua kichwa, udongo magotini, anamtazama mama juu ya furushi. Mimi nilidhani anacheka.

Wifi alisema kwa sauti ndogo sana, "Mara tatu alivaa shati jeupe." Binti akageuza karatasi, akasema ndiyo, kuna tarehe tatu. Kila alipokuja hakuomba kibali. Mara ya kwanza aliileta barua hii, na mara mbili zilizofuata alikuja kuuliza kama bado ipo.

Ndipo Dereva akazungumza, akiwa bado anaitazama kofia yake. "Mimi miaka yote nilidhani ni oili," akasema. Gari lake lilikuwa likivuja, na siku moja marehemu alimtania kwamba ataua mti wa watu. Kwa hiyo tulipomnunia alifikiri tumemkasirikia kwa sababu hiyo, akaliondoa gari, akangoja hasira zetu zipoe. Alikuwa anangoja tangu siku hiyo.

Hasira nilizokuja nazo zilinigeukia mwenyewe. Niliweza neno moja tu, nalo lilichelewa kwa miaka kumi. Nikamwambia, "Marahaba." Akaitikia kwa kichwa.

Wifi alifuta machozi, akamwambia binti amefuta rufaa yake, mti ubaki, akheri tawi lianguke kuliko nyumba. Na hapo ndipo mimi nilipokumbuka chumvi. Nilimtazama wifi, naye alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Tulikumbuka kwa wakati mmoja. Nikamweleza binti yote, ya sufuria, ya karani, ya mawe ya chumvi, miaka mitatu, mahali pale pale. Sikuwahi katika maisha yangu kuongea mbele za watu huku nikitazama sakafu. Binti hakunikaripia. Alivaa begi lake akasema twende sasa hivi.

Dereva alitupakia kwenye kigari chake. Njiani alituomba tupite kwa fundi mmoja aliyekuwa msaidizi wa ndugu yangu zamani, sasa naye ana mvi, naye akaja na sururu na kipande cha nondo. Nilimuuliza humo garini kama alijua. Akasema siku ile Timazi alimtuma kutafuta mchanga tangu asubuhi, na aliporudi mawe yalikuwa yameshapangwa. Alishangaa, kwa kuwa Timazi hakuwa mtu wa kupanga mawe ya msingi peke yake. Ila nani angemuuliza Timazi kuhusu msingi?

Tuliingia chumbani kwangu kwanza. Timazi ilikuwa imetulia pale kwenye msumari, na ukuta umesimama sawasawa kama siku zote. Nikapata tumaini la kijinga.

Fundi alichimba nje, kwa adabu, kama anayefukua kitu kinacholala. Udongo wa juu ulikuwa na ukungu mweupe wa chumvi yetu. Alipofika usawa wa magoti akaacha sururu, akaanza kutumia mikono. Mzizi ulionekana. Umelala chini ya ukuta wote wa kitanda changu, kutoka pembe mpaka pembe, na juu yake mawe ya ndugu yangu yamepangwa kwa ustadi, kila jiwe limechongwa kufuata mgongo wa mzizi, yamejazwa saruji bila kuacha tundu la sisimizi. Aliharibu kwa ufundi ule ule aliojengea.

Fundi akaushika mzizi. Gamba likabaki mkononi mwake. Akachukua nondo akausukuma, na nondo ikazama kama kisu kwenye papai, ikaenda, ikaenda, mpaka ngumi yake ikagota. Alipoichomoa yalitoka majimaji meusi.

"Umekufa siku nyingi," akasema.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, na nguo yangu ya heshima. Mti mzima ulikuwa hai, una majani, una ndege, na mzizi mmoja tu ndio tuliouua, ule uliokuwa umebeba kitanda changu. Pingamizi lilikuwa limekaa ofisini linalinda kitu ambacho mimi na wifi tulikuwa tukikichemshia maji jikoni. Nimelala juu ya shimo, namshukuru Mungu kwa ukuta ulionyooka. Niliuliza kinachoushikilia sasa ni nini. Fundi akatazama juu, akatazama chini, akasema hajui, labda mazoea.

Hakumaliza sentensi, jiwe moja likatoa sauti. Halikuanguka, lilisema tu kidogo, kama goti la mzee. Sote tukarudi nyuma. Wifi alinishika mkono akinivuta, na binti wa ofisi akaanza kutoa vitu vyangu chumbani kupitia dirishani, blanketi, mto, viatu.

Dereva hakurudi nyuma. Alikimbia, mtu wa miaka yake, akaruka ua, akarudi na jeki. Alikuwa na jeki tatu za enzi za malori, nzito, zilizopakwa grisi vizuri kuliko vyombo vya watu wengi. Aliingia shimoni akalala kwa tumbo, akaweka ubao wa mti mgumu chini na mwingine juu, akaanza kupandisha jeki polepole mpaka ikagusa mawe. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, pale kati. Fundi alimwelekeza, na yeye anajibu kwa kukoroma. Koti lake jeusi, lile la mazishi, lilijaa matope meusi ya mzizi. Nilimwambia atoke, ukuta utamwangukia. Akasema akiwa humo humo, "Dada, jeneza mlinikatalia. Niacheni hili."

Nikapiga magoti ukingoni nikamsogezea ubao.

Kwa siku kumi na moja ukuta wa Timazi ulisimama juu ya jeki za Dereva. Fundi alichimba kipande kwa kipande, akatoa mzizi uliooza kwa koleo, akamwaga zege na nondo, akangoja likauke, akaenda kipande kingine. Msingi ambao ndugu yangu hakuuchimba ulichimbwa na msaidizi wake. Binti wa ofisi alikuja mara mbili. Aliandika kibali kwa mkono wake, maana alisema mti uliopoteza mzizi wa upande ule hauwezi tena kuaminiwa kusimama, sasa si ombi, ni amri. Wakata miti walipanda na kamba wakaushusha vipande vipande kuanzia juu, na Dereva alisimama chini akishika kamba ya kuongoza magogo yasiangukie bati letu. Jua likaingia uani mahali ambapo halijaingia tangu tuijue nyumba ile. Wifi alisimama mlangoni amekinga macho kwa mkono, akasema hakujua ukuta wa jiko una rangi mbaya hivyo.

Jeki mbili zilitoka. Ya kati ilikataa. Fundi alisema akiilegeza kabla ya zege kushika, mawe ya juu yatashuka, na likishashika haitoki tena. Tukaenda kumuuliza Dereva mwenyewe, mimi na wifi, kwa mlango wa mbele. Alikuwa akila, akatukaribisha. Nilimwambia habari ya jeki, kisha nikamwambia na yale mengine, ya kidevu cha ndugu yangu, ya jeneza, ya vioo vya gari, yote kwa mpangilio wake, bila kuficha na bila kumlaumu marehemu kuliko nafsi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wa kulia umemkaukia chakula.

Akasema jeki ibaki. Akasema ila ile ya kati ndiyo ndogo pekee iliyoingia chini ya gari lake, kwa hiyo akipata pancha safarini atatupigia simu tuje tuliinue sisi wawili, si tunajua kubeba sufuria?

Wifi ndiye aliyecheka kwanza.

Nimerudi chumbani kwangu. Timazi iko pale pale kwenye msumari, na ukitazama kwa makini utaona sasa ncha yake imeukimbia ukuta kiasi cha unene wa ukucha. Fundi alitaka kupiga lipu upya ausawazishe. Nimemkataza.